Wasomaji Wauliza: Ini la mama, ini la baba na ini la kuku

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi. Ukizisoma moja moja, huyu anauliza habari ya chai, yule habari ya vijiti vya kupanga uzazi, na mwingine analia kuku wake wanakufa. Tumezipanga pamoja kwa sababu zote zinaishia kwenye ini. Dawa, pombe, kafeini na homoni zenyewe huvunjwa humo na vimeng'enya, na wingi wa vimeng'enya hivyo hupanda na kushuka kwa amri ya homoni. Barua tumezifupisha, majina tumeyaacha nje.

Chai ya jioni na mimba

SWALI: Nina mimba ya miezi saba. Maisha yangu yote nimekunywa chai ya saa kumi jioni na nikalala fofofo. Siku hizi kikombe kilekile kinaniweka macho mpaka saa nane usiku. Mama mkwe anasema ni mtoto anacheza. Ni kweli? – Mama mtarajiwa, Lanet, Nakuru

JIBU: Mtoto wa miezi saba hucheza usiku, kwa hiyo mama mkwe hajakosea. Lakini chai nayo ina mkono wake.

Kafeini ya kwenye majani ya chai huondolewa karibu yote na kimeng'enya kimoja cha ini, CYP1A2. Kwa mtu mzima asiye na mimba na asiyevuta sigara, nusu ya kafeini aliyokunywa huwa imeondoka baada ya saa 5 hivi. Mimba inavyokua, homoni zake, estrojeni ikiwemo, hukipunguza nguvu kimeng'enya hicho mwezi baada ya mwezi. Ukifika miezi mitatu ya mwisho, nusu hiyohiyo huchukua kati ya saa 11 na 18 kuondoka.

Fanya hesabu. Kikombe cha chai kina miligramu 40 hadi 50 za kafeini, tuseme 50. Zamani ukikinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku ulikuwa umebaki na 25. Sasa, tukichukua saa 15 kuwa kipimo chako, saa tatu usiku bado una 40, na saa moja asubuhi unapoteleka sufuria ungali na 25 za jana. Kikombe cha asubuhi kinapanda juu ya hizo, cha saa nne kinapanda juu ya hicho. Kwa hiyo usikilaumu kikombe cha saa kumi peke yake, kimekuta foleni.

Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaozidisha miligramu 300 kwa siku wapunguze, na nchi nyingine, Uingereza mojawapo, zimeweka mpaka wa 200. Angalia ukubwa wa kikombe chako: kile cha bati cha nusu lita ni vikombe viwili vya kitaalamu, na majani yakichemka muda mrefu hutoa zaidi. Kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa sita mchana. Jioni kunywa maziwa matupu au uji. Tena usimeze tembe za madini ya chuma kwa chai, wala karibu na chai. Acha saa 2 katikati, kwani chai huyashika madini hayo tumboni na kuyazuia kuingia damuni.

Baada ya kujifungua kimeng'enya hurudi ndani ya wiki chache. Cha mtoto hakipo bado: mtoto mchanga huchukua siku 3 hadi 4 kupunguza kafeini kwa nusu, na kiasi kidogo hupita kwenye maziwa. Mtoto asiyelala huku mama anakunywa vikombe sita, hapo kuna pa kuanzia. Na wanaotumia tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni wajue kwamba nazo huzidisha muda wa kafeini mwilini karibu mara mbili, hata bila mimba.

Vijiti, ARV na dawa za TB

SWALI: Niliwekewa vijiti viwili mkononi mwaka jana. Nimetumia ARV kwa miaka mingi, na mwezi uliopita nimepatikana na TB, nimeanza dawa za miezi 6. Rafiki yangu anasema vijiti vyangu "vimekufa". Nivitoe? – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Usivitoe kwanza. Usiache dawa za TB wala ARV hata siku moja kwa ajili ya vijiti. Na kuanzia leo usiku, kondomu. Sababu ni hizi.

Vijiti viwili vina homoni iitwayo levonojestreli. Hudondosha kidogo mno: karibu mikrogramu 100 kwa siku katika mwezi wa kwanza, kisha hushuka hadi kama 30 miaka inavyosonga. Kijiti kimoja cha aina ile nyingine, chenye etonojestreli, nacho huanza na 60 hadi 70 kwa siku na kuishia 25 hadi 30 mwishoni mwa mwaka wa tatu. Kiasi hicho kinatosha kuzuia mimba kwa sababu ini hukivunja kwa mwendo unaojulikana. Ini likiongeza mwendo, hakuna akiba ya kufidia.

Rifampisini, ile dawa ya TB inayoubadilisha mkojo kuwa rangi ya machungwa, ndiyo bingwa wa kuongeza mwendo. Ndani ya seli za ini kuna kipokezi kiitwacho PXR, kilichotambuliwa mwaka 1998. Kimepewa jina kutokana na umbo la msingi la projesteroni na jamaa zake, maana homoni za namna hiyo hukiamsha. Rifampisini inaingia humo kama ufunguo wa jirani unaofungua mlango wako: kipokezi kinaamka na kuiamuru seli itengeneze CYP3A4 zaidi na zaidi, na hicho ndicho kimeng'enya kinachovunja homoni ya vijiti. Hakijai kwa siku moja. Huanza kupanda baada ya siku chache na hufika kilele baada ya wiki 2 hivi. Dawa ikiisha, hushuka kwa mwendo kama huo. Ndiyo maana unaambiwa ujikinge wiki 4 zaidi baada ya tembe ya mwisho ya TB.

Sasa ARV. Hapa inategemea unameza ipi. Efavirenzi, iliyotumika sana nchini miaka iliyopita, hufanya kazi kama ya rifampisini ingawa kwa nguvu pungufu. Ushahidi mkubwa ulitoka papa hapa kwetu: utafiti wa kliniki za magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuatilia rekodi za wanawake 24,560 wenye virusi. Kati ya waliokuwa na vijiti, waliotumia nevirapini, ARV nyingine, walipata mimba 1.1 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Waliotumia efavirenzi, 3.3. Mara tatu. Mwaka uliofuata watafiti wa Uganda waliwafuatilia wanawake 20 wenye vijiti viwili na efavirenzi. Homoni damuni ilikuwa karibu nusu tu ya kawaida, na 3 kati yao wakashika mimba kati ya wiki ya 36 na ya 48.

Tusipotoshe hesabu hiyo lakini. Mimba 3.3 kwa wanawake 100 bado ni chache kuliko za wanaotegemea tembe wakizisahau mara moja moja. Vijiti havikuwa vimekufa, vilikuwa vimedhoofika, na anayewaambia wanawake wenye virusi kwamba vijiti ni bure anawatia hasara nyingine.

Tangu mwaka 2018 wagonjwa wengi wa Kenya wamehamishiwa dawa yenye dolutegraviri. Hiyo haiamshi CYP3A4, na inaishi vizuri na vijiti. Kama ulihama kutoka efavirenzi, hesabu wiki 4 kabla ya kuviamini tena, kwani efavirenzi hukawia kutoka mwilini, hasa kwa waliorithi aina dhaifu ya CYP2B6, kimeng'enya kinachoivunja, na aina hiyo ni ya kawaida kwetu Afrika.

Kuna la pili ambalo ni la lazima uliulize wiki hii. Rifampisini hulifanya ini liivunje dolutegraviri pia kwa haraka zaidi. Anayetumia zote mbili hupewa dolutegraviri miligramu 50 asubuhi na 50 jioni badala ya mara moja kwa siku, na kipimo hicho huendelea wiki 2 baada ya rifampisini kuisha. Chumba cha TB kina kadi yake, cha ARV kina kadi yake, cha kupanga uzazi kina daftari lake, na mara nyingi mgonjwa ndiye karani pekee anayepita vyote vitatu. Beba tembe zako zote kwenye mfuko mmoja, uzimwage mezani kila unapoingia.

Njia gani ikufae miezi hii? Koili ya shaba haina homoni, ini halina la kuifanya. Depo pia husimama vizuri: sindano moja ina miligramu 150, na ini tayari huivunja homoni yake karibu kwa kasi yote linayoweza, hivyo kuchochewa hakuongezi mengi. Kwa anayetumia rifampisini na efavirenzi pamoja, baadhi ya wataalamu huirudisha sindano wiki ya 8 hadi 10 badala ya kungoja ya 12. Tembe za kila siku, hapana.

Na P2, ile tembe ya dharura ya kuzuia mimba? Kipimo cha kawaida ni miligramu 1.5 za levonojestreli ileile. Mwongozo wa Uingereza humpa anayetumia dawa za kuchochea ini kipimo mara mbili, yaani 3. Bora kuliko hiyo ni koili ya shaba ndani ya siku 5. Ukifika kemisti, taja rifampisini kabla hujalipa.

Panya wa maabara na dawa ya usingizi

SWALI: Mwalimu alitaja kwamba ini la panya dume na la panya jike hufanya kazi tofauti, kisha kipindi kikaisha. Je, ovari na korodani huongea na ini moja kwa moja? Na sisi binadamu je? – Mwanafunzi, Njoro

JIBU: Ujumbe mkubwa hupitia kichwani kwanza, na hilo ndilo jambo tamu la somo hili.

Miaka ya 1930 watafiti waliona kwamba dawa za usingizi za jamii ya barbiturati, kwa kipimo kilekile kwa uzito, zinawalaza panya jike muda mrefu zaidi kuliko dume. Dume akihasiwa, naye analala kama jike. Akirudishiwa testosteroni, anaamka mapema tena. Mtu angesema basi, kesi imekwisha, testosteroni inaamuru ini. Lakini ukiiondoa tezi pituitari iliyo chini ya ubongo, testosteroni haiwezi tena kuleta tofauti hiyo. Kuna mjumbe katikati.

Mjumbe ni homoni ya ukuaji, na siri iko kwenye mdundo wake. Kwa panya dume hutoka kwa mapigo makubwa, moja kila baada ya saa 3 na nusu hivi, na katikati ya mapigo damu huwa karibu tupu. Kwa jike hutiririka kidogo kidogo bila kukauka. Dume anapigiwa ngoma, jike anapuliziwa zumari lisilokata pumzi. Ndani ya seli ya ini, protini iitwayo STAT5b huingia kwenye kiini kila pigo likija na kutoka pigo likiisha. Jeni zinazopenda mdundo huo hutengeneza kimeng'enya CYP2C11 cha kidume, na zile zinazopenda mfululizo hutengeneza CYP2C12 cha kike. Chukua panya dume mzima, korodani zake zipo, umfungie pampu ndogo inayompa homoni ya ukuaji bila kukatiza: baada ya siku chache ini lake linageuka kuwa la kike. Kazi ya testosteroni, hasa siku za karibu na kuzaliwa, ni kuufundisha ubongo mdundo.

Binadamu tuna tofauti hiyo pia, ila ndogo, na usiichukue ya panya ukaibandika kwa mtu. Panya dume ndiye mwenye kasi. Kwa watu, ini la mwanamke kwa wastani lina CYP3A4 karibu mara mbili ya ini la mwanamume, na CYP1A2 ndiyo inayoelemea upande wa wanaume.

Hata kujua jina la kimeng'enya hakutoshi. Tazama zolpidemu, tembe ya usingizi. Huvunjwa kwa sehemu kubwa na CYP3A4, kwa hiyo ungetarajia wanawake waimalize haraka. Kinyume chake: saa 8 baada ya kumeza miligramu 10, wanawake kama 15 kati ya 100 walikuwa bado na kiasi damuni cha kuwafanya wasifae kuendesha gari, wanaume 3 tu kati ya 100. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaamuru kipimo cha kuanzia cha wanawake kishuke hadi miligramu 5. Dawa hiyo ilikuwa imeuzwa huko kwa miaka 20. Si ajabu sana, ukikumbuka kwamba tangu 1977 hadi 1993 mwongozo wa mamlaka hiyohiyo uliwaweka wanawake wa umri wa kuzaa nje ya majaribio ya mwanzo ya dawa. Mpimwaji alikuwa kijana wa kiume, na mama akapewa kilichomfaa kijana.

ALT 38: mume mzima, mke mgonjwa?

SWALI: Mimi na mke wangu tulipima ini pamoja. Karatasi zote mbili zinasema ALT 38. Mimi nimeambiwa niko sawa, yeye ameandikiwa "imepanda" na kuambiwa arudi. Maabara ilikosea? – Baba wa watoto wawili, Kakamega

JIBU: Haikukosea. ALT ni kimeng'enya cha ndani ya seli za ini kinachovuja damuni seli zikiumia. Wanaume huwa nacho zaidi hata wakiwa wazima, kwa sababu ya misuli mingi, mafuta mengi zaidi ndani ya ini na homoni zao. Mwongozo wa madaktari wa tumbo wa Marekani wa mwaka 2017 unahesabu afya kuwa yuniti 29 hadi 33 kwa lita kwa mwanamume, na 19 hadi 25 kwa mwanamke. Kwa kipimo hicho, yeye amepita kwa mbali na wewe mwenyewe umegusa juu kidogo. Maabara nyingi huweka mpaka wa 40 hivi na kumwachia mwanamume apite.

Mke wako arudi apimwe homa ya ini aina ya B na C, aeleze dawa zote anazomeza zikiwemo za mitishamba, na apigwe picha ya ini kama kiuno kimepanuka. Wewe, kama siku mbili kabla ya kipimo ulipakia mawe au ulibeba magunia, rudia baada ya kupumzika wiki moja: misuli iliyochoka humwaga ALT pia, pamoja na AST, kimeng'enya mwenzake kwenye karatasi ya ini.

Kwa wajawazito wanaosoma hapa: ALP, kimeng'enya kingine cha kwenye karatasi hiyo, kupanda mara mbili hivi mwishoni mwa mimba ni kawaida, inatoka kwenye kondo. ALT na AST hazipandishwi na mimba yenyewe, kwa hiyo zikipanda zisipuuzwe. Na mjamzito anayewashwa viganja na nyayo usiku bila upele wowote, aombe kipimo cha asidi za nyongo. Homoni za mimba huweza kuziba pampu zinazosukuma nyongo kutoka ndani ya seli za ini. Asidi hizo zikifika mikromoli 100 kwa lita, hatari ya mtoto kufia tumboni huwa kubwa. Kujipaka mafuta ya mgando hakutibu hilo.

Bia moja, walevi wawili

SWALI: Mimi na mume wangu tuna kilo 60 kila mmoja. Chupa moja moja tu, mimi ndiye wa kwanza kuchekacheka. Ini langu ni dhaifu? – Msomaji, Bungoma

JIBU: Ini lako halina kosa hapa. Pombe hukaa kwenye maji ya mwili, na mwili wa mwanamke una mafuta zaidi na maji pungufu: karibu nusu ya uzito, dhidi ya asilimia 60 kwa mwanamume. Wewe una lita 30, yeye 36. Nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina gramu 20 za pombe. Gawanya: kwako gramu 0.67 kwa lita, kwake 0.56. Ongeza kwamba tumbo la mwanamume huvunja kiasi cha pombe kabla haijafika damuni, na la mwanamke huvunja kiasi kidogo kuliko hicho. Kwa chang'aa hatuna hesabu ya kukupa, maana hakuna ajuaye kilichomo kwenye kibuyu.

Kuku wanono wanaoanguka ghafla

SWALI: Nina kuku 300 wa mayai kwenye vizimba. Wanataga vizuri, kisha mmoja anakufa ghafla, tena yule mnono. Nimepasua watatu: ini ni la njano, linapondeka kama mkate uliolowa, na kuna damu iliyoganda juu yake. Ni ugonjwa wa kuambukiza? – Mfugaji, Bahati, Nakuru

JIBU: Kwa maelezo hayo ni ini la mafuta lililopasuka na kuvuja damu, na haliambukizi.

Kuku anapoanza kutaga, estrojeni ya ovari huligeuza ini lake kuwa kiwanda cha viini vya mayai. Vimeng'enya vya kutengeneza mafuta hupanda, na protini ya kiini, vitelojenini, huanza kumiminwa damuni kuelekea ovari. Yai moja lina gramu 5 hivi za mafuta, yote yametoka kwenye ini, karibu kila siku. Amri hiyo ni ya homoni kweli kweli: ukimdunga jogoo estrojeni, ini lake nalo huanza kutengeneza protini ya kiini ambacho hana pa kukiweka.

Kiwanda kikiletewa nishati kupita kinachoweza kusafirisha, mafuta hubaki ndani. Vizimba humnyima kuku mazoezi, joto humpunguzia matumizi ya nishati, na mfugaji anayechanganya chakula mwenyewe akazidisha mahindi kwa sababu ni rahisi, humalizia. Pima uzito wa kuku 30 leo kwa mizani, usikadirie kwa macho. Chotara wa kahawia aliyekomaa akipita sana kilo 2, ana tatizo. Pima na chakula: gramu 110 hadi 120 kwa kuku kwa siku zinatosha. Punguza nishati polepole, kwa kutoa sehemu ya mahindi na kutia pumba, usimnyime ghafla akaanza kunyonyoka manyoya na kuacha kutaga. Tia kolini na vitamini E kwenye mchanganyiko kwa kipimo cha pakiti; kolini ndiyo inayosaidia mafuta kufungashwa yatoke kwenye ini.

Kagua mahindi pia. Sumu ya kuvu, aflatoksini, nayo hulifanya ini kuwa jeupe lenye mafuta, na hapo kupunguza chakula hakutasaidia kitu kama gunia lenyewe limeoza.

Ngege wa kiume watupu

SWALI: Nimenunua vifaranga vya ngege "wa kiume watupu". Nimesikia wanalishwa homoni ya kiume. Nikiwala nitaota ndevu? Na mbona kati yao nimekuta majike wenye mayai? – Mama mfugaji wa samaki, Nyando, Kisumu

JIBU: Ndevu hapana. Dawa ni methilitestosteroni, miligramu 60 kwa kila kilo ya chakula, siku 21 hadi 28 za mwanzo wa maisha. Gramu moja ya chakula hicho ina mikrogramu 60, na hata kifaranga akila gramu moja nzima siku hizo, akiachishwa ini lake huivunja na kuitoa ndani ya wiki chache. Wewe unamla baada ya miezi 6 au zaidi.

Sababu ya kutaka madume ni habari ileile ya kuku: ngege jike hupeleka chakula kwenye ini kutengeneza vitelojenini ya mayai, kisha huatamia mdomoni bila kula, huku dume anaongeza nyama. Ini la dume linaweza kazi hiyo pia likipata estrojeni. Miaka ya 1990 samaki madume waliowekwa kwenye vizimba karibu na mifereji ya maji taka ya Uingereza walikutwa na protini ya kiini cha yai damuni.

Majike uliyoyakuta yanatokana na makosa ya kituo cha vifaranga. La kwanza ni umri: vifaranga waanze dawa wakiwa chini ya milimita 14, mara tu wanapomaliza kiini chao, na wakichanganywa wakubwa na wadogo, wakubwa wameshachagua jinsia. La pili ni maji ya kijani: kifaranga anayeshiba mwani hali chakula chenye dawa, ndiyo maana hukuzwa kwenye matangi ya maji safi au kwenye kizimba cha wavu ambacho wenyewe wanakiita "hapa", jina ambalo huwavuruga wageni kila wakiambiwa "wako hapa". La tatu ni uchanganyaji. Dawa haiyeyuki kwenye maji, huyeyushwa kwa spiriti: gramu 6 kwa lita moja, kisha mililita 10 za hiyo huongezwa spiriti hadi kama mililita 200 na kunyunyiziwa kilo moja ya chakula kilichosagwa laini, kikakaushwa kivulini. Anayeanika juani anaua dawa, na anayemimina sehemu moja analisha kona moja ya ndoo. Ikifanywa sawasawa, madume hufika 95 hadi 98 kwa 100, kwa hiyo jike mmoja mmoja hatakosekana.

Hatari ya kweli iko kwa anayechanganya. Kikundi kidogo cha methili kilichounganishwa kwenye testosteroni hiyo kimewekwa makusudi ili ini lisiivunje upesi ikimezwa, na kwa ini la mtu ndiyo huifanya kuwa nzito. Avae glavu na barakoa, asichanganye jikoni, na mwenye mimba asiiguse kabisa unga wala spiriti yake.